Jinsi ya kutundika maonyesho ya picha Kigoma bila galari, kuanzia ukuta mpaka stetasi

Kila nikiweka picha za maonyesho ya hapa mjini meseji zinazoingia ni zile zile. Dada sisi tulitundika vizuri tu, asubuhi tunafungua mlango picha nne ziko chini. Dada watu walikuja wakazunguka dakika tano wakaondoka. Dada nimepiga picha mia mbili na simu hamna hata moja ya kumtumia mtu. Nimejibu moja moja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, ukikwama unarudi hapa.

Mimi ni mchoraji, naishi Ujiji, na huku mwisho wa reli tunaonyesha kazi popote panapopatikana: ukumbi wa mikutano, darasa wakati wa likizo, kibaraza cha mgahawa, hata sebule ya mtu. Mwenye kuta nyeupe na taa za kazi hanihitaji. Haya ni ya mwenye ukuta wa chokaa, dirisha linalotazama ziwani na mwenye ukumbi anayekuambia kabla hata hujakaa, "ila msinitobolee".

Wengi wanaonitafuta kuchora wanajua. Kinachowaangusha ni kutundika asubuhi ya siku ya ufunguzi, wageni saa kumi, wao saa nne bado wanatafuta nyundo. Kutundika kunataka siku mbili. Kama unayo moja tu, punguza picha nusu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa ukuta

- Futi ya chuma, ya mita 5
- Pima maji (ya fundi mwashi, omba kwa fundi yeyote mtaani kwako)
- Penseli na kifutio
- Nyundo, misumari ya zege, na skrubu na plagi zake za plastiki kama unaruhusiwa kutoboa
- Vipete viwili vya chuma vya kufungia kamba, na skrubu fupi, kwa kila picha
- Kamba ya nailoni iliyosokotwa, isiyovutika
- Mirunda au mianzi iliyonyooka, kama hauruhusiwi kutoboa
- Masking tepu (selotepu acha nyumbani)
- Karatasi ngumu nyeupe za lebo
- Ekstensheni, na taa za kuchaji angalau mbili za akiba
- Vitambaa viwili visivyo na mafuta
- Karatasi ya kuokea keki ya kufungia picha
- Kopo dogo la rangi inayofanana na ukuta, na poda ya kuzibia matundu
- Daftari la wageni na kalamu mbili, moja itaibiwa

Kamba nunua kwa wauza vifaa vya uvuvi, kule Kibirizi zipo za kila unene. Ila kuna kosa nililifanya mwenyewe, nilichukua mshipi wa kuvulia, ule unaoonekana kama kioo, nikaona utapendeza maana hauonekani. Mshipi unavutika na fundo lake linateleza. Siku ya tatu picha zote zilikuwa zimeshuka, kila moja kwa kiasi chake, ukuta ukawa kama meno ya mtoto.

Hatua ya 1: Nenda kaangalie ukuta wa mwenzako

Hii watu wanairuka na ndo inayookoa muda kuliko zote. Kabla hujatundika nenda mahali pengine pamoja na futi yako.

Hapa karibu tunayo makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, wengi tulienda tukiwa shule ya msingi tukakumbuka zile sanamu kubwa za Livingstone na Stanley na miembe tu. Rudi ukiwa mtu mzima, usisome chochote kwanza, ingia tu halafu jiangalie: macho yako yameenda wapi kwanza? Umesimama umbali gani? Maandishi uliyaona kabla ya kitu chenyewe au baada? Hayo ndo majibu ya ukuta wako.

Ukipata safari ya Dar, na najua ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli sio kwenda sokoni Mwanga, usiimalize Kariakoo. Nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, wasanii wanafanya kazi kwenye studio za makontena na kuna sehemu ya maonyesho, utaona kazi za sasa hivi kabisa, sio picha za twiga za kuuzia watalii peke yake. Halafu pita kwa ushirika wa Tinga Tinga, Oysterbay, uone kinyume chake, picha zimejaa ukuta mzima mpaka chini. Wale wanauza duka na mpangilio wa duka unawafaa. Shida inakuja sisi tukichukua mpangilio wa duka tukauita maonyesho.

Ukiwa huko fanya haya:

Uliza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Usitumie flashi hata wakikuruhusu.

Kila ukipiga kazi moja, picha inayofuata iwe ya lebo yake. Bila hivyo ukifika Kigoma unakuwa na picha sitini za watu usiowajua, na kuposti kazi ya mtu bila jina lake ni kumnyima haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, ila hata isingekuwepo, wewe ungependa?

Simama mbele ya picha iliyokuvutia, weka mkono mahali ilipo katikati yake, uone panalingana na nini mwilini mwako. Kidevu? Macho? Kumbuka hapo.

Umefaulu kama umerudi na vipimo vitatu vinne kwenye daftari na angalau kitu kimoja ulichokiona kibaya. Kuona ubaya wa wengine ni rahisi kuliko wa kwako, tumia hiyo.

Hatua ya 2: Chumba na tarehe

Chumba kikague saa kumi jioni, sio asubuhi. Ziwa liko magharibi yetu, kwa hiyo dirisha zuri la kutazama maji ndo linaloingiza jua kali la jioni, na jua hilo linapiga moja kwa moja ukuta wa mashariki, tena mwanga mwingine unadunda kutoka majini. Ukuta huo jioni hauonekani kitu, ni mng'ao tu, na rangi za bei nafuu zinapauka. Weka alama ya penseli pale jua linapofika. Hapo hamna picha, weka meza ya daftari au viti.

Gusa ukuta kwa kiganja. Kiganja kikitoka cheupe hiyo ni chokaa au rangi ya maji iliyochoka, tepu yoyote itashika ule unga, haitashika ukuta. Picha zilizoanguka usiku, tisa kati ya kumi ndo hivyo zilivyoanguka, hamna jini hapo.

Tarehe sasa. Masika yetu yanaanza kama Novemba mpaka Aprili au Mei, na bati likipigwa na mvua hamna hotuba itakayosikika, achilia mbali matope na unyevu unaolegeza kanvasi. Mimi napenda Juni mpaka Septemba. Angalia na mwezi wa angani, sitanii. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mji una watu na wana muda. Ila jiulize pia kama ziwa limefungwa, yani uvuvi umesimamishwa, 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na ziwa likifungwa hela ya mji mzima inapungua, watu watakuja kuangalia lakini kununua usitegemee sana.

Ijumaa mchana kwa Ujiji usijaribu, mwezi wa Ramadhani fungua baada ya futari au subiri.

Hatua ya 3: Barua

Fupi. Andika kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa utamaduni wa manispaa, utaje siku, saa, mahali na kama kutakuwa na spika. Peleka wiki tatu kabla, uliza kama kuna kibali kingine, ombea muhuri kwenye nakala yako na hiyo nakala iwepo ukumbini. Mwenye ukumbi naye muandikishane kwenye karatasi: kutoboa ndio au hapana, funguo anakaa nani, umeme analipa nani.

Hatua ya 4: Punguza picha

Hapa tunagombana sana na wenzangu. Mko wachoraji sita, kila mtu ana picha kumi, mnataka zote sitini ziingie. Haziingii. Yani zinaingia, lakini hakuna atakayeziona.

Hesabu iko hivi. Chumba cha mita 5 kwa 6 mzunguko wake ni mita 22. Toa mlango, toa madirisha, toa ule ukuta wa jua, umebaki na mita kama 15. Kila picha ya ukubwa wa kawaida inataka karibu mita moja ya ukuta kwa upana wake na nafasi ya kupumua. Kwa hiyo ni picha 14 au 15, basi.

Zipange zote chini sakafuni, zimeegemea ukuta, tokeni nje mnywe chai, mrudi. Ile ambayo jicho linaikwepa, toa. Zile mbili zinazofanana, toa moja. Usiweke picha kwa sababu mwenye picha ni rafiki yako, na usiweke ya kwako kwa sababu ulitumia miezi mitatu, mgeni haoni miezi.

Umefaulu hapa kama kuna mtu amenuna kidogo.

Hatua ya 5: Mgongo wa picha

Geuza picha. Pima kimo chake, gawanya kwa tatu, kwenye theluthi ya juu weka kipete kimoja kila upande wa fremu. Sio juu kabisa, picha itaegemea mbele. Sio katikati, itapinduka.

Funga kamba kati ya vipete ikiwa imelegea kidogo, ukiivuta katikati kwa kidole kilele chake kifike chini ya ukingo wa juu wa picha, sentimita 5 mpaka 10. Kikitokea juu ya picha mgeni ataona msumari na kamba, inakuwa kama nguo ya ndani imechungulia.

Fundo piga mara mbili, ncha iliyobaki izungushe kwenye kamba yenyewe. Halafu ijaribu, inua picha kwa kamba hiyo juu ya godoro au mkeka, itikise. Bora ianguke hapo.

Wenye karatasi zisizo na fremu msibandike tepu mgongoni mwa kazi, siku ya kutoa itachuna. Tumieni vibanio vya karatasi, vile vyeusi vya ofisini, viwili juu, vinaning'inia kwenye misumari miwili midogo. Karatasi haiguswi na inapendeza tu.

Onyo la kubeba: rangi ya akriliki ikipata joto inalainika hata kama ilikauka mwaka jana. Nilifunga picha tano kwenye nailoni zikasafiri kwenye buti ya basi, nilipofungua nailoni ilikuwa imekuwa sehemu ya picha. Sasa hivi naweka karatasi ya kuokea keki juu ya rangi kwanza, boksi juu yake, kamba mwisho, na kwenye bajaji picha inakaa wima, haitandazwi chini ya mizigo.

Hatua ya 6: Kutundika

Taratibu hapa, soma mara mbili.

Hatulinganishi juu ya picha, hatulinganishi chini. Tunalinganisha katikati. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, ndo usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama, au chini yake kidogo. Ukitegemea wanafunzi wengi shusha mpaka 145. Ukichagua namba moja usiibadilishe ukuta mzima.

Picha zikiwa na vimo tofauti ila katikati zikalingana, jicho linatembea kwenye mstari mmoja bila kupanda na kushuka, mgeni hajui kwanini chumba kimetulia ila kimetulia.

Msumari unakaa wapi? Chukua 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, toa ule umbali wa kilele cha kamba mpaka ukingo wa juu.

Mfano picha ina kimo sentimita 60, kamba ikivutwa inakuwa 8 chini ya ukingo. 150 jumlisha 30 ni 180, toa 8, msumari unakaa 172. Nyingine ina kimo 90, kamba 10 chini: 150 jumlisha 45 ni 195, toa 10, unapata 185. Andika namba hiyo kwa penseli nyuma ya kila picha, kila picha na namba yake, usibebe kichwani.

Upande wa kulia na kushoto nako kuna hesabu. Ukuta una mita 5, yani sentimita 500, una picha nne zenye upana 60, 80, 60 na 90. Jumla 290. Zimebaki 210. Picha nne zina nafasi tano ukihesabu na za pembeni, 210 gawanya kwa 5 ni 42. Kila nafasi 42. Anza kona ya kushoto, pima 42, ongeza nusu ya upana wa picha ya kwanza ambayo ni 30, unapata 72, hapo ndo alama ya msumari wa kwanza.

Kabla ya kupiga msumari bandika kipande kidogo cha masking tepu pale penye alama, piga juu yake, inapunguza plasta kubanduka. Msumari uingie ukiinamia chini kidogo, kichwa juu. Kwa picha nzito weka misumari miwili iliyoachana kama sentimita 20, haitayumba kila mlango ukifungwa. Ila kamba ikikaa kwenye misumari miwili kilele chake kinashuka, kwa hiyo ipime upya ikiwa imevutwa na vidole viwili, sio kimoja.

Ukishatundika weka pima maji juu ya fremu. Usiamini macho, majengo yetu mengi sakafu na dari zenyewe hazijalala sawa, ukilinganisha na dari picha inapinda nayo.

Sasa wale wa "msinitobolee". Chukua mrunda ulionyooka, ulaze juu kwenye nondo za madirisha au uufunge kwenye nguzo za kibaraza, halafu kila picha inashuka kwa kamba mbili, moja kila kipete. Kamba mbili, sio moja, moja inafanya picha izunguke kama kuku anayechomwa. Kama hakuna pa kulaza mrunda, fundi seremala akutengenezee vibao vya hardibodi vyenye miguu, virefu mita 2, unavisimamisha viwili viwili kama kitabu kilichofunguliwa. Gharama inauma mara moja, lakini vinadumu na unaweza kukodisha kwa wenzako.

Umefaulu kama umesimama mlangoni, ukafumba macho, ukafumbua, na jicho likaenda kwenye picha moja halafu likaenda kwa jirani yake bila kutafuta. Jaribio lingine: mwite mtu aliyekuwa nje, mwambie atafute iliyopinda. Akikaa kimya dakika nzima funga mlango ukalale.

Hatua ya 7: Lebo na bei

Lebo inakaa kulia kwa picha, chini chini, kama sentimita 120 kutoka sakafuni, na herufi za kusomeka na bibi asiye na miwani. Mpangilio ni huu: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, kipimo. Kipimo kinaanza kimo halafu upana, siku zote. Yangu moja, chini ya jina langu, iliandikwa hivi:

Saa kumi alfajiri, Kibirizi
2023
Akriliki kwenye kanvasi
sm 60 × 80

Andika bei. Najua wengi hamtaki, mnasema mtu akipenda atauliza. Haulizi. Mtu wa Kigoma ana heshima zake, akihofia kuwa bei itamuaibisha mbele ya watu anatoka kimya kimya. Kama ukutani hutaki, weka karatasi ya bei mezani yenye namba za picha.

Kiswahili kiwe cha kwanza kwenye lebo. Nimeona maonyesho hapa hapa lebo zote kwa lugha ya wageni, mgeni mwenyewe akiwa mmoja, anayeshuka Gombe kuangalia sokwe.

Hatua ya 8: Kupiga picha za maonyesho

Hii ifanye baada ya kutundika na kabla ya wageni, asubuhi ya saa tatu mpaka saa tano. Usiku wa ufunguzi piga watu, sio kazi.

Zima taa za ndani kama mwanga wa dirisha unatosha. Ukichanganya taa ya njano na mwanga wa nje picha inatoka upande kama chai, upande kama samaki mbichi, na kurekebisha vyote viwili kwa programu ni kazi ngumu.

Futa kioo cha kamera. Naandika hili kila mahali na bado watu wananitumia picha zenye ukungu, ule ukungu ni mawese ya kidole chako.

Usisogee karibu sana. Kaa mbali mita 2 halafu tumia zumu ya 2. Ukiwa karibu simu inavimbisha kingo, fremu ya mstatili inatoka kama pipa. Kimo cha simu kilingane na katikati ya picha, zile sentimita 150, kwa hiyo wengine mtapiga magoti kidogo na wengine mtapanda kigoda. Washa mistari ya gridi, mstari wa simu na ukingo wa fremu viende sambamba.

Bonyeza kwenye picha, shikilia mpaka mwanga ujifunge, punguza kidogo mwangaza. Picha iliyo giza kidogo inaokolewa, iliyoungua kwa weupe imekwenda.

Kazi zinazong'aa ndo kesi. Wanaochora kwa rangi za mafuta za makopo juu ya hardibodi, kwa mtindo wa Tinga Tinga, na wenye fremu za vioo, mnajiona wenyewe kwenye picha pamoja na simu. Dawa yake: sogea hatua moja kando mpaka mng'ao uhame, au mtu ashike kitambaa kikubwa cheusi nyuma yako, kioo kikose cha kuakisi. Ukiweza ishushe picha, itoe nje kwenye kivuli cha mwembe, kivuli kizito kisicho na vijitone vya jua, iegemeze wima, piga hapo. Hamna taa inayoshinda kivuli cha saa nne asubuhi.

Kwa kila kazi unataka picha tatu: nzima ikiwa imejaa, kipande cha karibu kinachoonyesha mkono wa msanii, na moja ya mbali mtu akiwa amesimama mbele yake ili ukubwa ujulikane. Halafu nne tano za chumba kutoka kila kona.

Umefaulu kama ukiweka simu pembeni ya picha halisi nyeupe ni nyeupe na nyekundu haijawa chungwa.

Hatua ya 9: Kuposti

Usimwage picha 40 kwa mkupuo. Bando la watu ni dogo na stetasi inakaa saa 24 tu, anayekufuata ataruka zote.

Wiki moja kabla, kazi moja kwa siku, jina la msanii juu kabisa. Andika kitu ulichokiona wewe, sentensi mbili zinatosha. "Karibuni wote mjionee vipaji" haimleti mtu. "Huyu kijana amechora mama yake akikaanga migebuka, amechora kila kitu isipokuwa uso" inamleta, hata kwa kubisha tu.

Mahali elekeza kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo: ukitoka stesheni, panda na barabara, geti la bluu mkono wa kulia. Weka saa na useme kiingilio ni bure, maana watu wanadhani kuna kiingilio wanaona aibu kuuliza.

Kumtumia mwandishi wa redio au mtu anayetaka kuchapisha, tuma picha kama dokumenti kwenye WhatsApp, usitume kama picha ya kawaida, ile ya kawaida inabanwa mpaka inapoteza rangi. Jina la faili badilisha kabisa: jina la msanii na jina la kazi. Lile la namba tupu litapotea kwenye simu yake kesho.

Na omba ruhusa ya msanii mwenzako kabla ya kuposti kazi yake, hata kama mmetundika pamoja, hata kama mnakula sahani moja.

Hatua ya 10: Siku ya ufunguzi

Weka mstari wa masking tepu sakafuni, sentimita 60 kutoka ukutani. Hauhitaji kamba wala askari, watu wanaheshimu mstari, watoto zaidi hata. Vyakula viwe nje kibarazani. Ukiweka sambusa ndani vidole vya mafuta vitafika kwenye kanvasi, na mafuta kwenye kanvasi hayatoki.

Hotuba moja, dakika tano. Halafu kila msanii asimame karibu na kazi yake, asiielezee mpaka aulizwe. Mimi swali langu kwa mgeni ni moja, "ipi ungeibeba nyumbani?" Hata anayesema haelewi sanaa analo jibu la hilo, na hapo anaanza kusema mwenyewe kwanini, mnaongea nusu saa. Wale wa dakika tano ndo unavyowapata.

Akinunua, chukua nusu ya hela kwa lipa namba au taslimu, andika risiti, bandika kidoti chekundu kwenye lebo. Picha haitoki ukutani mpaka maonyesho yaishe, mwambie kabla hajalipa. Kwenye risiti andika pia kuwa umeuza picha yenyewe na hakimiliki imebaki kwa msanii, usije kuikuta kwenye vitenge.

Umeme ukikatika, acha ule wasiwasi wa mara ya kwanza, washa zile taa za kuchaji, ziweke chini zimulike ukuta kwa chini kwenda juu na endelea. Tuliwahi kufanya hivyo saa mbili nzima, watu wakasogea karibu karibu na picha wakiwa na tochi za simu, ilikuwa usiku mzuri kuliko tulivyopanga.

Hatua ya 11: Kushusha

Usishushe siku ile ile ya mwisho jioni mmechoka, ndo picha zinapasuka. Kesho yake asubuhi, watu wawili kwa picha moja, nawa mikono kwanza, karatasi ya kuokea keki, boksi, kamba.

Misumari ing'oe kwa kuzungusha, weka kijikaratasi kigumu chini ya nyundo isiumize plasta. Ziba matundu, subiri yakauke, paka rangi. Futa penseli zote, na zile alama za jua la saa kumi pia.

Mwenye ukumbi mwite aje aangalie kabla hujarudisha funguo, mtembee naye ukuta kwa ukuta, na lile kopo la rangi lililobaki mwachie.